Mwamba juu ya ghorofa: kisa cha paa la kijani Mwanza na uchaguzi wa mimea ya kienyeji au ya kigeni

Kisa hiki kimeandikwa kwa ajili ya mafundi, wasanifu na wamiliki wa majengo wanaofikiria kupanda mimea juu ya paa la zege katika miji ya kando ya Ziwa Victoria. Jina la mtaa, majina ya watu na baadhi ya vipimo vimeondolewa au kubadilishwa kidogo ili wahusika wasitambulike. Mimi nilikuwa mshauri wa upandaji, kwa hiyo sehemu ya makosa yatakayosomwa hapa ni yangu, na sikuyapunguza makali.

Usuli

Jengo lina ghorofa tatu na limekaa kwenye mteremko wa kilima kimojawapo cha Mwanza, mahali ambapo nyumba na majabali ya matale vimebanana kiasi kwamba mgeni hujiuliza ni kipi kilichompisha mwenzake. Paa lake ni bapa, la zege, lenye ukubwa wa mita za mraba 160, na limezungukwa na ukuta mfupi unaofika magotini. Upande wa magharibi unatazama ziwa na kupokea upepo wa alasiri moja kwa moja. Upande wa mashariki unatazama mwamba mkubwa ulio juu zaidi ya jengo lenyewe, na chini ya ukuta wa nyuma, umbali wa mita chache, majabali yanaendelea kuteremka hadi kwenye nyumba za majirani.

Mmiliki, ambaye nitamwita Mama kama sote tulivyomwita, alikuwa na sababu mbili. Ya kwanza ni joto: slabu ilinyonya jua mchana kutwa na kuliachia usiku, na wapangaji wa ghorofa ya juu hawakuwa wakidumu. Ya pili ni kwamba alitaka mahali pa kukaa jioni, akitazama ziwa, akiwa amezungukwa na maua.

Mwanza iko takriban mita 1,140 juu ya usawa wa bahari, nyuzi mbili na nusu hivi kusini mwa ikweta. Mvua za vuli huanza kati ya Oktoba na Novemba, hupungua Januari na Februari, kisha masika hufika Machi na kuisha Mei. Kuanzia Juni hadi Septemba mvua ni ya kuhesabu kwa vidole. Kwa mmea uliopo juu ya paa, mpangilio huo una maana ya miezi ambayo mizizi yake inaloana kila siku ya pili, ikifuatiwa na miezi mitatu hadi minne ambayo haipati kitu.

Mhandisi wa miundo alikagua nguzo, mihimili na slabu, kisha akaruhusu uzito wa ziada usiozidi kilo 180 kwa kila mita ya mraba, udongo ukiwa umeloana kabisa. Katikati ya nafasi kati ya nguzo hakutaka kusikia habari ya sentimita moja ya ziada. Udongo wa kawaida wa bustani ungekula kiwango hicho mapema na bado usingepitisha maji vizuri. Tulitengeneza mchanganyiko wetu kwa matofali ya kuchoma yaliyovunjwavunjwa, mchanga mnene, mkaa wa pumba za mpunga na mboji kidogo. Ukiloana, mchanganyiko huo ulikuwa na uzito wa karibu kilo moja na nusu kwa lita, maana yake tabaka la sentimita 10 lilikuwa kilo 150 kwa mita ya mraba, na paa zima lilibeba tani 24. Vibarua waliupandisha wote kwa ndoo na kamba, kwa siku sita.

Chini ya udongo kulikuwa na kitambaa cha kuchujia, tabaka la kokoto ndogo za kupitishia maji, na shuka za lami zilizochomwa kwa moto juu ya slabu. Shuka maalumu ya kuzuia mizizi haikuwekwa. Fundi alisema mimea ya kina cha sentimita 10 haina mizizi ya kutisha, bajeti ilikuwa imebana, na mimi nikakubali. Nitarudi kwenye jambo hilo.

Mvutano juu ya mimea

Kulikuwa na kambi tatu. Muuzaji mmoja alikuwa amemwonyesha Mama picha za mapaa ya Ujerumani yaliyofunikwa na sedum, mimea midogo yenye majani mazito yanayohifadhi maji, na akaahidi kuleta vipando kutoka kitalu cha nyanda za juu zenye baridi. Mama mwenyewe alitaka mimea ya vitalu vya barabarani: tradeskantia ya zambarau, portulaka zenye maua makubwa, wedelia yenye maua ya njano inayotambaa haraka, na ule mmea wa Madagaska unaoitwa mama wa maelfu kwa kuwa huotesha vitoto kwenye kingo za majani yake. Kijana wake, aliyesomea misitu, alishikilia kwamba mmea wowote usio wa asili ya ukanda wa ziwa usikanyage paa lile.

Kikao kilifanyika sebuleni kwa Mama. Kijana alizungumza kwa muda mrefu na kwa hoja nzuri, akataja lantana iliyoletwa kutoka Amerika kama ua la kupambia na sasa imejaa vichaka. Mama alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Sangara ni mgeni, sato ni mgeni, na wewe baba umesomeshwa kwa hela ya sangara. Leo majani ndiyo yaulizwe kabila?"

"Na magugu maji je, mama?" kijana akajibu. "Nayo yaliletwa kwa ajili ya maua."

Nimekikumbuka kikao kile mara nyingi, kwa sababu kila mmoja alikuwa na ukweli mkononi. Sangara alipandikizwa ziwani kuanzia miaka ya 1950, na sato anayeliwa kila mwalo leo naye alipandikizwa katika kipindi hichohicho, ilhali mwenyeji wake, ngege, ametoweka sehemu nyingi za ziwa. Viwanda vya minofu vilisimama juu ya sangara, na aina nyingi sana za furu, samaki wadogo wa asili ya ziwa, zilipotea kwa sababu yake. Mama alikuwa akihesabu faida na kijana akihesabu hasara, na wote wawili walikuwa wakijibu swali moja: mmea huu umetoka wapi? Hakuna aliyeuliza kama mmea unaweza kuishi ndani ya vidole vinne vya matofali yaliyovunjwa, juani, kwa miezi mitatu bila mvua.

Uamuzi na sababu zake

Nilipendekeza paa ligawanywe mara nne, mita za mraba 40 kila sehemu, ili kila kambi ijaribiwe na zile zitakazoshindwa zing'olewe. Sehemu ya kwanza ilipewa sedum. Ya pili ilipewa mimea ya vitalu aliyoitaka Mama. Ya tatu ilipewa mimea ya kienyeji ya mabondeni na mashambani, iliyochaguliwa na kijana, ikiongozwa na kivumbasi, ambacho mlinzi wa jengo alikipigia debe kwa sababu ya harufu yake inayofukuza mbu. Ya nne ilikuwa yangu: mimea ya juu ya mawe.

Wazo la sehemu ya nne lilinijia kutokana na mwamba uliokuwa ukitutazama kutoka mashariki. Nilipanda juu yake na mzee mmoja wa mtaa ule, baada ya mwenyekiti wa mtaa kuturidhia, nikiwa na spoku ya baiskeli mkononi. Kila tulipokuta kibonde cha udongo juu ya jiwe nilichoma spoku hadi igonge matale, kisha nikapima. Sehemu nyingi zilikuwa vidole vitatu au vinne, na mahali penye kiganja kizima tayari palikuwa na kichaka. Yaani mwamba ule ulikuwa paa letu, wenye kina kilekile, jua lilelile na upepo uleule, isipokuwa haukuwa na mtu wa kuumwagilia, na ulikuwa umejaa mimea.

Kulikuwa na mishubiri ya mwituni iliyojibana kwenye nyufa, mkonge-pori wenye majani ya madoa, kalankoe za kienyeji zenye maua ya njano, sianotisi zenye vinywele na maua ya buluu, tako la hasani lililotambaa kwenye changarawe, na nyasi fupi sana za jenasi ya Microchloa ambazo hukauka mpaka zikafanana na nywele za mzee na kurudi na mvua ya kwanza. Mzee alituonyesha jiwe moja ambalo halichumwi kitu. Hakueleza sababu, na hatukuuliza. Tulikubaliana kuchukua mbegu, vipandikizi na machipukizi ya pembeni, bila kung'oa mmea mama.

Uamuzi wa kugawa paa sehemu nne ulikuwa wa busara kisiasa lakini ulikuwa na kasoro kama jaribio. Sedum ilipata kona ya magharibi yenye upepo, na mimea ya mawe ikapata mashariki, ambako ukuta na mwamba huleta kivuli kidogo asubuhi. Kwa hiyo tofauti zilizoonekana baadaye si za mimea peke yake. Msomaji azingatie hilo anapopima ninayoyasema.

Yaliyotokea

Tulipanda Novemba, mvua za vuli zikiwa zimekolea. Hadi Krismasi kila aliyepanda ngazi alikuwa akisifia sehemu ya kwanza na ya pili. Sedum ilitanda kama zulia, na wedelia ilikuwa ikitembea kwa kasi ambayo mtu angeweza kuiona kutoka Jumapili hadi Jumapili. Sehemu yangu ilikuwa na mimea iliyosimama mbalimbali, kokoto tupu katikati yake, na Mama alinivuta pembeni siku moja akaniuliza kwa upole kama kweli amelipa hela kupandisha mawe ghorofani. Sikuwa na jibu zuri. Mimea ya juu ya mwamba hujenga mizizi na akiba kabla ya kujionyesha, na mimi nilikuwa nimesahau kumwambia hivyo mapema.

Lilitokea pia jambo ambalo sikulijua hadi Januari. Vibarua wawili niliowaachia kazi ya kukusanya machipukizi waliona ni rahisi zaidi kung'oa mashina mazima, na uso mmoja wa mwamba ulibaki mweupe. Mzee ndiye aliyeniita kuja kuona. Tulirudisha mishubiri iliyokuwa bado haijapandwa, lakini jabali lile halikurudi lilivyokuwa.

Januari na Februari, mvua ilipopungua, kivumbasi kilianza kuinamisha kichwa ifikapo saa tano asubuhi. Nilichimba shina moja na kukuta mzizi mkuu umefika kwenye kitambaa, ukagota, ukajikunja na kutambaa pembeni kama mkia wa mbwa aliyelala. Kile ni kichaka kinachozoea kushusha mizizi mbali. Mimea mingine ya sehemu hiyo ilifuata njia ileile. Ili kuiokoa, tungehitaji walau milimita nne za maji kila siku. Kwa paa zima hizo ni lita 640, yaani simtanki ya lita 1,000 ingekauka ndani ya siku moja na nusu, katika mtaa ambao maji ya bomba hayaji kila siku. Tulimwagilia sehemu hiyo peke yake kwa wiki tatu, kisha Mama akasema basi.

Masika yalileta mambo mawili. La kwanza ni sedum. Katikati ya Aprili vishina vyake vilikuwa vyeusi kwenye usawa wa udongo, na ukivuta kidogo vinabaki mkononi vikiwa laini na vyenye harufu ya viazi vilivyooza. Aina zile zimekulia kwenye nchi zenye majira ya baridi, ambako kuna miezi ya kulala, na hapa hazikupata pa kulala: wiki za unyevu, halafu jua la ikweta saa mbili baada ya mvua, halafu mvua tena. Kufikia mwisho wa Mei kilichobaki ni vishada vichache kando ya ukuta ambako kokoto zilikuwa nyingi kuliko udongo.

La pili lilitutia hofu. Usiku mmoja wa Aprili ilinyesha mvua ambayo asubuhi yake ndoo tupu iliyoachwa uwanjani ilikuwa na maji ya milimita 60. Juu ya mita za mraba 160 hizo ni lita 9,600. Udongo ulikuwa tayari umejaa, hivyo maji yote yalitegemea matundu mawili ya kutolea, na moja kati ya hayo lilikuwa ndani ya sehemu ya pili. Wedelia huotesha mizizi kila pingili inapogusa ardhi. Ilikuwa imevuka ukingo wa kokoto tulioacha kuzunguka tundu, ikaingia kwenye wavu na kuuziba kwa mkeka wa mizizi na matope. Mlinzi aliona maji hayatoki kwenye tundu lile, akapanda na tochi, akakuta kona ile imekuwa bwawa. Alilala kifudifudi kwenye maji, akaingiza mkono hadi begani na kuvuta mkeka ule hadi tundu likafyonza kwa mlio ambao alisema ulisikika kama ng'ombe anayekunywa.

Alipotuonyesha alama ya maji kwenye ukuta, ilikuwa sentimita tano juu ya uso wa udongo. Kila sentimita ya maji yaliyosimama ni kilo 10 kwa mita ya mraba, kwa hiyo kona ile ilibeba kilo 50 juu ya 150 zilizokuwapo. Tulipita kiwango cha mhandisi kwa kilo 20. Alikuja siku hiyohiyo, akakagua dari chini ya kona, hakuona ufa, akaondoka bila kusema mengi. Wiki iliyofuata wedelia yote iling'olewa, na mashina yake yalikaushwa juani juu ya karatasi la nailoni kabla ya kutupwa, kwa kuwa kipande chenye pingili moja kinatosha kuanza upya.

Kiangazi cha Juni hadi Septemba tuliamua kutomwagilia kabisa, tukitaka kuona nini kitabaki. Sehemu ya kivumbasi ilikufa, isipokuwa mashina matano yaliyokuwa juu ya nguzo ambako fundi alikuwa amerundika udongo zaidi. Tradeskantia ilinyauka na kubaki na rangi ya divai iliyochakaa, lakini haikufa. Portulaka za vitaluni zilikufa zikiwa zimeshamwaga mbegu. Mimea ya mawe ilifanya kile ambacho ilikuwa ikifanya juu ya mwamba: nyasi zikawa kahawia, kalankoe zikapukutisha majani ya chini, mishubiri ikajikunja na kuwa na wekundu wa shaba. Mama alisema paa limekufa. Nilimwomba atazame mwamba wa mashariki, na alipouona uko vilevile alicheka, ingawa hakuridhika.

Mvua ya kwanza ya Oktoba ilipofika, Microchloa ilikuwa kijani ndani ya siku chache.

Furaha hiyo haikudumu. Jirani wa chini alileta kikopo chenye miche midogo aliyoikuta kwenye ufa wa jabali lake, akiuliza kama ni ya kwetu. Ilikuwa mama wa maelfu. Vitoto vyake vilikuwa vimedondoka, vikasombwa na maji hadi kwenye gata, na baadhi vilikuwa vimeota humo humo kwenye matope. Vingine vilikuwa vimefika kwenye mawe. Mmea huo una sumu inayodhuru moyo wa mifugo, na jirani yule ana mbuzi. Tulitumia siku mbili tukikagua nyufa kwa mikono na kuokota vitoto vyenye ukubwa wa punje ya mchele.

Kisha, Novemba, doa likatokea kwenye dari ya chumba cha mashariki, chini ya sehemu yangu. Nilikuwa nimeshajiandaa kulaumu fundi. Tulipofukua, tulikuta shina-mzizi la mkonge-pori, nene kama kidole gumba na lenye ncha nyeupe ngumu mfano wa pembe ya ndama, limeingia kwenye mwunganiko wa shuka mbili za lami na kuuinua. Yeyote aliyewahi kupanda mkonge-pori kwenye chungu cha plastiki na kukuta chungu kimepasuka anajua nguvu ya ncha hiyo. Mimi nilikuwa naijua. Nilikuwa nimeiona mara kadhaa. Nilipanda hata hivyo, kwa kuwa mmea ulikuwa wa kienyeji na nilikuwa nimeshaupa imani yote.

Hali ilivyo sasa

Sehemu ya mashariki ilifukuliwa, miunganiko ikachomwa upya, na safari hii shuka ya kuzuia mizizi iliwekwa paa zima, kwa gharama kubwa zaidi kuliko ingekuwa mwanzoni, kwani udongo wote ulilazimika kusogezwa mara mbili. Karibu theluthi mbili ya paa sasa ni mimea ya mawe. Ukanda wa magharibi, anapoketi Mama jioni, una tradeskantia na portulaka za maua makubwa, na humwagiliwa kwa ndoo mbili tatu wakati wa kiangazi. Mkonge-pori umo ndani ya vyungu vya udongo vilivyowekwa juu ya mihimili. Juu ya nguzo, ambako mhandisi aliruhusu udongo ufike sentimita 18, kuna vivumbasi vya mlinzi.

Chumba cha juu kimekuwa na mpangaji mmoja tangu ukarabati ule. Gorong'ondwa, yule mjusi wa mawe dume lake lenye kichwa chekundu na mwili wa buluu, amehamia juu ya ukuta wa mashariki. Msimu wa wale wadudu wadogo wanaopanda kutoka ziwani kama moshi, buibui hutanda nyuzi kati ya majani ya mishubiri na asubuhi nyuzi hizo huwa nyeusi kwa windo.

Uchambuzi

Uamuzi uliozaa matunda zaidi ulikuwa ule wa spoku ya baiskeli. Sedum ilisifika Ujerumani kwa sababu inayoeleweka: aina kadhaa kati ya hizo huota zenyewe kule Ulaya juu ya mawe, kuta za zamani na changarawe. Wajerumani walipoanza kuyafanyia kazi mapaa ya kisasa katika miaka ya 1970, mimea ya aina hiyo ilikuwa karibu nao. Aliyetaka kuwaiga kikamilifu hapa Mwanza alipaswa kupanda kilima cha nyuma ya nyumba. Muuzaji alituletea jibu lao bila swali lao, nasi tukalinunua.

Hoja ya kijana ilianguka kwa sababu inayofanana na hiyo. Kivumbasi ni mwenyeji wa mkoa, lakini si mwenyeji wa vidole vinne vya udongo. Mtu akitamka neno kienyeji bila kusema kienyeji cha wapi, bondeni, ufukweni au jabalini, anaacha nusu ya taarifa. Na mkonge-pori, mwenyeji halisi wa mawe, ndiye aliyetuletea hasara kubwa kuliko mgeni yeyote. Juu ya mwamba nguvu ya mizizi yake haimdhuru mtu, lakini lami haina uvumilivu wa matale. Kufanana kwa paa na mwamba kunaishia kwenye milimita chache za mwisho, na milimita hizo ndizo zinazozuia maji yasiingie chumbani.

Kuhusu wageni, kisa hiki kilinifundisha jambo ambalo sikuwa nimelifikiria. Mmea wa kigeni unaofaa sana kwa paa la Mwanza, usiohitaji maji, unaoota kwenye changarawe na kuvumilia jua, ni mmea unaofaa sana pia kwa majabali ya Mwanza. Kadiri unavyofaulu juu, ndivyo unavyopaswa kuogopwa chini. Mama wa maelfu alikuwa mgeni bora kabisa kwa kipimo cha kuishi, na ndiye tuliyelazimika kumfukuza kwa mikono. Tradeskantia, ambayo huteseka kiangazi na huenea hasa kwa vipande vinavyodondoka karibu, inaweza kubaki mahali inapoonekana kila siku. Jengo kama hilo likiwa katikati ya mji, limezungukwa na lami na maduka pande zote, ningelegeza masharti kidogo, ingawa gata za mjini nazo humwaga maji yake mahali, na kwa Mwanza mahali hapo mwishowe ni ziwani.

Kwa upande wangu, nililitetea paa kama mkulima na kumsahau mwenye nyumba. Ningemwonyesha Mama picha za mwamba wa mashariki zilizopigwa Agosti kabla hajasaini chochote, angechagua akijua atakachokiona miezi minne kila mwaka, na huenda ukanda wake wa maua ungekuwapo tangu siku ya kwanza badala ya kuja kama suluhu. Kuwaachia vibarua kazi ya kukusanya mimea bila kuwasimamia lilikuwa kosa la aina nyingine, kwa sababu gharama yake haikulipwa na mteja wala na mimi. Baada ya hapo tulipeleka mbegu na vipandikizi kwa mama mmoja mwenye kitalu kando ya barabara, ambaye alizoea kuuza mimea ya kigeni tu kwa kuwa ndiyo inayoulizwa. Ameotesha kalankoe na sianotisi kwenye madumu yaliyokatwa, na mishubiri yake inatokana na mbegu. Kwa hesabu ya paa la kwanza, mimea ya mawe iligharimu zaidi kuliko ya kitalu kwa sababu ya siku za kazi, na bila kitalu cha namna hiyo sioni paa la pili likiwezekana bila kuukwangua mwamba mwingine.

Matunzo yamebaki kazi ya mlinzi. Husafisha matundu mawili kabla ya vuli na kila wiki wakati wa masika, hukata nyasi kavu mwezi Julai ili moto usipate njia, na kila baada ya miezi miwili huzunguka paa akitafuta miche ya mkuyu, ambayo ndege na popo huileta tumboni. Mkuyu ni mwenyeji kuliko sisi sote na hupasua majabali. Mche alioutoa Machi iliyopita ulikuwa na majani mawili tu juu ya udongo, na chini yake mzizi wenye urefu wa kiganja, ukiwa umeshageuka na kufuata ukingo wa shuka ukielekea kwenye tundu la maji.